Walikuja Kurithi Baiskeli

Nianze na lile swali ili tulimalize: hapana, sikuvunjika kizazi. Nilipopanda baiskeli mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuzaa watoto watatu, na kama kizazi kingevunjika basi kingekuwa kimemaliza kazi yake. Wanawake wa Kilosa walinionya kwenye bomba la maji. Wanaume walinionya kwenye vijiwe vya kahawa. Mzee mmoja wa kanisani alinisimamisha barabarani kunieleza kwamba siti ya baiskeli haikutengenezwa kwa ajili ya mwanamke. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia hata jembe halikutengenezwa kwa ajili ya mwanamke lakini sijaona aliyeninyang'anya. Akasema nina mdomo. Ninao mpaka leo.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, ya Kichina, nzito kama kitanda cha chuma. Mume wangu aliinunua kwa mfanyakazi mwenzake wa reli aliyekuwa anahama, siku zile zile walipoambiwa kazini kwamba watu wamezidi na lazima wapunguzwe. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akazaa hapo, akazikwa hapo, na shamba lenyewe, lililokuja kuniajiri na mimi, likaja kufa nyuma yake. Mashine zikanyamaza, mkonge ukaota milingoti na nyasi zikaufunika. Tukajikuta watu wawili katika nyumba moja, kazi zimetukimbia wote, na watoto watatu wanataka kula kila siku kama vile hakuna aliyewapa habari.

Ndipo zikaja zile tulizoziita enzi za ruksa. Kabla ya hapo ukikutwa kwenye kizuizi na gunia la vitunguu wewe ni mlanguzi, unaulizwa kibali, na mwenye uwezo wa kukupa kibali ni ndugu yake anayekuuliza. Ghafla ikawa ruksa. Ruksa kununua, ruksa kuuza, ruksa kuvaa suruali ya Mzungu aliyekufa. Mitumba ikapanda mpaka Lumuma kule juu, nikaona kwa macho yangu mzee analima vitunguu amevaa koti la bwana harusi. Wako wanaosema enzi zile ziliharibu nchi. Labda. Mimi nasema zilinikuta nina njaa na zikanionyesha barabara.

Barabara yetu ilikuwa hivi. Unaanzia Lumuma, milimani, ambako vitunguu vinamwagiliwa maji ya mfereji na vinatoka vikubwa, vyekundu, vikali. Unashuka kufuata bonde, reli ikiwa upande huu na mto upande ule, mpaka Kilosa mjini. Unalala nyumbani kwako. Kesho yake unashika njia ya kusini, unapita mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori, unavuka mto wa Miyombo, unafika kijiji kinachoitwa Ulaya, na hapo kila mpanda baiskeli lazima aseme kwamba leo amefika Ulaya bila pasipoti. Ni mzaha mkongwe na hauchoshi. Baada ya Ulaya ni msitu na vumbi, na ukianza kuona mavi ya tembo barabarani ujue Mikumi haiko mbali, ufunge mdomo uendeshe.

Mikumi ndiko unakokutana na lami. Ukitokea kwetu, mkono wa kushoto ni pwani, mkono wa kulia ni milima ya Iringa na nchi zote za huko juu. Mabasi na malori ya pande zote mbili yanasimama pale watu wale na injini zipoe. Wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wanavichukua vitunguu vya Lumuma kabla hujafuta jasho. Nasi tulirudi na vya pwani: chumvi, dagaa, nazi kavu, fungu la mitumba, tukavipandisha milimani. Watu wa magari wanadhani barabara ya kutoka pwani kwenda milimani ni ile ya lami peke yake. Vitunguu walivyokula pwani miaka ile vilipita kwanza kwenye mapaja yetu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana siku hizi ni pikipiki tu na vijana wanacheka ukiwaambia. Baiskeli ikibeba gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, kwenye mlima huipandi. Unaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo uliyofunga nyuma ya siti, kifua chako kimeegemea mzigo. Mteremko ndio adui. Breki za waya zile zilikuwa mapambo. Kwa hiyo juu ya mteremko unakata tawi la mti lenye majani na uzito, unalifunga kwa kamba nyuma ya keria, linaburuzika chini likikuvuta, huku umekandamiza soli ya katambuga kwenye tairi la mbele. Tawi likiwa jepesi utaruka. Likiwa zito utasukuma hata mteremkoni. Kuchagua tawi ndiyo elimu, na hakuna anayekufundisha ila mtu anayependa urudi nyumbani.

Mimi nilifundishwa na mume wangu. Alifanya kazi ile misimu kadhaa, kisha kifua kikaanza kumsumbua. Akawa anashuka na mzigo kidogo, halafu na mzigo kidogo zaidi, mwisho akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni anaitazama baiskeli kama mtu anayetazama ng'ombe wake mgonjwa. Jioni moja akaniambia, "Mama, njoo nikufundishe." Nikadhani ananitania. Tukaenda kwenye uwanja wa mpira wa zamani wa kambi, nimevaa suruali ya mtumba na kanga juu yake. Alinishika siku ile, mkono mmoja kwenye mgongo wangu na mwingine kwenye fremu, akawa anakimbia pembeni huku anakohoa, na mimi napiga kelele aniache, na alipoacha nikapiga kelele kwa nini ameniacha. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa jioni ile, na nasema hivyo bila aibu.

Habari ilifika Mamboya upesi. Mume wangu alikuwa mtu wa huko, Mkaguru wa milimani, na mkubwa wa ukoo wao alikuwa mjomba wake, mzee mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu hunyamaza ili aisikie. Akaja Kilosa. Akala, akanawa, akasema, "Mkwe, mwanamke anayeendesha baiskeli ya mumewe anawaambia watu mumewe amekufa." Mume wangu alikuwa amelala ndani. Akajibu kutoka kitandani, "Mjomba, mwache awaambie. Mimi nitawaambia wanaokuja hapa kwamba bado nipo." Mzee akacheka kidogo na kuondoka, lakini hakubariki, na mimi sikumwomba abariki.

Nikaanza safari. Wapo walionicheka hasa, walionirushia maganda ya miwa, kijana mmoja pale njia panda ya kwenda Ruhembe aliyekuwa akiniita dereva wa kike kila nikipita. Nilimwambia siku moja avue shati nimwone anavyosukuma gunia kutoka Miyombo, akaona ana kazi nyingine. Wenzangu wa barabarani, wanaume wote, walichukua muda. Mwanzo walinipita bila salamu. Halafu mvua moja kubwa ilitukuta wote kwenye tope jeusi, lile linalojaa kati ya gurudumu na fremu mpaka baiskeli inagoma kuzunguka, tukakaa tunachokonoa tope kwa vijiti, tumelowa sawasawa, tumechafuka sawasawa. Kuanzia hapo nikaitwa mwenzetu.

Na baiskeli ikawa inakufa kipande kwa kipande, kama mtu mzima anavyopoteza meno. Njia ile haikuwa na huruma na chuma. Rimu ya mbele ilipinda kwenye mawe ya Kidete. Cheni ilikatika kabla ya Ulaya, nikasukuma siku nzima. Keria iling'oka na mzigo ukaingia mtoni, vitunguu vikaelea vikienda zao. Kila kilichokufa nilikibadilisha kwa jasho la safari iliyofuata, nikilaani na kununua. Mume wangu alikuwa anapokea kila kifaa kipya kitandani, anakigeuza mikononi, anakinusa grisi yake, ananiambia hiki kizuri au hapa umepigwa.

Akafa wakati wa kiangazi, asubuhi, watoto wakiwa shule. Sitaeleza zaidi ya hapo. Waliofiwa wanajua, na ambao hawajafiwa wasiharakishwe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa inabidi nieleze desturi mbili zilivyogongana juu ya vichwa vya wanangu. Kwa watu wa mume wangu, ukoo unafuata mama. Mwanamume akifa, vitu vyake haviendi kwa wanawe. Vinakwenda pembeni, kwa mtoto wa dada yake, ambaye anachukua jina lake, panga lake na nafasi yake kwenye baraza. Watoto wa marehemu watatunzwa na mjomba wao, yaani kaka wa mama yao. Ni mpango mzuri kama mama naye ni Mkaguru. Lakini kwetu sisi wa Tabora ukoo unafuata baba. Kaka yangu aliwahesabu wanangu kuwa ni wa watu wa Mamboya, na watu wa Mamboya waliwahesabu kuwa ni wa kaka yangu. Kila upande ulikuwa na haki kwa sheria zake. Wanangu wakaanguka katikati, na chini hapakuwa na mkeka.

Siku ya arobaini wakaja. Uwanja wa nyumba ulijaa: majirani, wafanyakazi wa zamani wa reli, wapanda baiskeli wenzangu wamekaa nyuma kabisa na kofia mikononi. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na kaniki yangu kichwani, kama inavyotakiwa. Mjomba wa mume wangu alisimama, akashukuru wote, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba wamekuja kuondoa tanga na kuchukua vya mtu wao. Kando yake alisimama mpwa wa mume wangu, mwanamume mzima, mpole, hajawahi kunikosea neno. Panga likatolewa, akapewa. Redio ikatolewa, akapewa. Kisha mzee akanyoosha kidole kwenye ukuta wa nyumba, baiskeli ilikosimama kwenye stendi yake.

"Na hii," akasema, "atachukua aliyesimama mahali pake."

"Mjomba," nikasema kutoka mkekani, "hiyo ndiyo inayolisha watoto."

"Watoto wana mjomba wao," akajibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayekukumbusha kwamba jua huchomoza mashariki.

Nikamtazama kaka yangu. Kaka yangu akatazama miguu yake. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu atakayenidhulumu siku ile. Wote watatenda haki, na kesho asubuhi wanangu hawatakuwa na uji.

Kilichonifaa ni kwamba sisi Wanyamwezi na watu wa Mamboya ni watani. Msiba wowote wao, sisi tuna ruhusa ya kufanya vituko, na msiba wetu, wao wana ruhusa hiyo hiyo. Mtani anaweza kulala kwenye kaburi akasema amekuja kumsindikiza marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Anayekasirika kwa utani msibani amevunja kitu kikubwa kuliko heshima yake. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa bingwa wa mambo hayo kambi nzima. Tangu asubuhi hatukumwona. Mara akatokea nyuma ya nyumba amevaa koti la reli la mume wangu na kofia yake, anatembea kwa mwendo wake ule ule wa kuinamia bega moja, anakohoa kikohozi chake. Wanawake wakapiga yowe. Halafu kicheko kikalipuka uwanja mzima.

"Nimerudi!" akasema kwa sauti nzito. "Huko nilikokwenda hakuna vitunguu."

Akaiendea baiskeli, akaipanda ikiwa kwenye stendi, akaanza kukanyaga hewani. Gurudumu la nyuma likazunguka. "Nani anagawa baiskeli yangu nami sijafika?"

"Mtani, shuka," mjomba alisema, naye akicheka, maana lazima ucheke.

"Mtani gani? Mimi ni mtoto wa dada yako. Siku arobaini tu umenisahau?" Akanigeukia. Macho yake chini ya ile kofia hayakuwa yanacheka hata kidogo. "Mke wangu. Hili gurudumu la mbele ndilo nililokuachia?"

Mjane hafanyi utani kwenye matanga ya mumewe. Mjane anakaa, anainama, anaambiwa. Hilo nililijua, na kila aliyekuwa uwanjani alilijua. Nilisimama. Nikaisogeza kaniki nyuma nione vizuri.

"Hapana, mume wangu," nikasema. "Lile lako lilipinda Kidete. Hili nililinunua mimi."

"Basi livue. Mimi sichukui cha mtu."

Spana zilikuwa kwenye mkoba wake pale pale nyuma ya siti. Nikazitoa, nikapiga magoti mchangani, nikafungua nati. Watu walicheka sana. Waliona ni mchezo, na nilikuwa nimekwisha kuliegemeza gurudumu ukutani kabla kicheko hakijatulia.

"Na hili la nyuma?"

"La kwangu. Rimu, spoku, tairi, na mpira wa ndani."

"Cheni?"

"Yako ilikatika kabla ya Ulaya. Hii ya kwangu."

"Siti je? Nakumbuka nilikaa kwenye siti."

"Mashimo matupu, mume wangu. Niliitupa. Hii ya kwangu."

Kicheko kikaanza kupungua, kama mvua inavyopungua, ikabaki huku na kule. Wale wenzangu wa barabarani nyuma hawakuwa wanacheka tena. Walikuwa wamesogea mbele, na kila nikitaja kifaa mmoja wao anatikisa kichwa kukubali, maana walikuwepo. Yule aliyekuwa nami siku ya vitunguu kuelea alisema kwa sauti, "Keria ni yake. Niliona ya zamani ikienda na maji." Nikafungua keria, nikaiweka ukutani pamoja na magurudumu, cheni na siti. Mikono yangu ilijaa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Sasa huu si utani," mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Shangazi akakohoa. Alikuwa ameshuka na kusimama kando, mikono kwenye mifuko ya koti, kama alivyozoea mwenye koti. "Mjomba," akasema, "nikiwa hai ulinisikiliza. Nimekufa, nasema kweli, unaninyamazisha?"

"Mkwe, unajiaibisha."

Nilimgeukia. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada, na nilijua nikiiacha itoke na matusi nimeshindwa. Nikapiga goti mbele yake vizuri, kama alivyonifundisha mama yangu. "Shikamoo, mjomba."

Hakuna mzee Kilosa anayeweza kuiacha shikamoo ikining'inia mbele ya watu. "Marahaba," akasema.

"Mjomba, mila zenu nimezikuta na ninaziheshimu. Cha mtu wenu ni cha mtu wenu. Sitawadhulumu hata nati moja." Nikainuka, nikavuta usukani ukatoka, maana na huo ulikuwa wangu, nikaishika fremu iliyobaki kwa mikono miwili na kumpa mpwa wa mume wangu. "Hiki ndicho alichoacha. Kipokee."

Akaipokea. Angefanya nini? Fremu ya baiskeli ikiwa peke yake ni kitu kidogo, cha ajabu, hakielekei kuwa kimewahi kwenda popote. Aliigeuza mikononi akitafuta pa kushika, akaishia kuiweka begani. Mjomba alitazama rundo la vyuma ukutani, akatazama fremu, akawatazama wale wanaume wa vitunguu waliokuwa wamesimama. Akasema tanga limeondolewa. Wakaanza kuaga.

Walipokuwa wanashuka kuelekea stendi ya mabasi, fremu ikionekana juu ya vichwa vya watu, ndipo nilipolia. Majirani walidhani nalilia baiskeli. Siku arobaini nilikuwa nimelia kwa utaratibu, asubuhi na jioni, kama wafiwa wanavyotakiwa, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Kila nilichobaki nacho nilikinunua mimi. Ile fremu peke yake ndiyo aliyokuwa ameishika mume wangu jioni ile kwenye uwanja wa mpira, akikimbia na kukohoa, na nilikuwa nimeitoa kwa mikono yangu. Shangazi alivua kofia, akanikalisha kwenye mkeka, akakaa na koti la marehemu mwilini mpaka nilipomaliza.

Maneno yalisemwa, na mengine bado yanasemwa. Kwamba nilimvua marehemu nguo mbele ya wakwe. Kwamba mwanamke wa kambi ni mwanamke wa kambi tu. Kaka yangu alikuja kunieleza nimewaharibia jina, nikamwuliza jina hilo linachemshwa na chumvi kiasi gani. Hakurudi kwa muda mrefu, na tulilala vizuri. Siombi radhi. Nilitakiwa kuiomba mara nyingi, na watu wa heshima, na mmoja alinitumia hata mchungaji. Mchungaji alikunywa chai, akaiangalia baiskeli, akaniombea safari njema.

Maana baiskeli ilikuwepo. Fundi mmoja karibu na stesheni aliniunganishia fremu kutoka kwenye fremu mbili zilizovunjika, nusu ya kiume na nusu ya kike, akaichomelea, na mahali zilipokutana pakabaki uvimbe mkubwa kama goti la ngamia. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa inavuta kidogo kulia, ikabidi niuzoeshe mwili upya. Lakini nilipofunga magurudumu yangu, cheni yangu, siti yangu na keria yangu, ilisimama, na nilipoikalia ilikwenda. Nikapanda Lumuma. Nikateremka na tawi langu nyuma, tawi zito la kutosha, soli kwenye tairi, midomo imekauka. Nililala Kilosa. Nikavuka Miyombo maji yakiwa magotini, nikapita Ulaya bila kusema mzaha, kwa sababu sikuwa na wa kumwambia.

Nikafika Mikumi jua likiwa bado juu. Kulikuwa na lori la pwani limeegeshwa, na mnunuzi mgeni, kijana wa watu, anayepita kwenye magunia akibonyeza vitunguu kwa kidole gumba. Akafika kwenye gunia langu, akabonyeza, akaridhika. Akaniangalia mimi, akaiangalia baiskeli.

"Mama, shikamoo. Mwenye mzigo yuko wapi?"

Wageni wote walikuwa wanauliza hivyo. Na miaka ile yote, kwa ajili ya usalama wangu na kwa ajili ya heshima ya mgonjwa wangu, nilikuwa na jibu moja nililokubaliana naye nyumbani: mume wangu yuko nyuma, anakuja. Alilipenda jibu hilo. Nikirudi alikuwa ananiuliza, leo nilikuwa nyuma umbali gani? Nami namjibu, ulikuwa Miyombo unanawa miguu. Au, ulisimama Ulaya unakula muwa. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Marahaba," nikamwambia. "Mwenye mzigo ni mimi. Na baiskeli ni yangu. Nyuma hakuna anayekuja."

Hakuamini sawasawa. Alitazama juu ya bega langu, kwenye barabara ya vumbi nilikotoka, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutokea. Nami nikageuka nikatazama, mara moja tu. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

Nikaegemeza baiskeli kwenye gurudumu la lori, nikaanza kufungua kamba.